Kabati Lisilopita Mlangoni

3 Juni 1986

Mume wangu mtoro,

Marahaba, ingawa hujaniamkia tangu Februari. Mimi mzima. Meno yaliyobaki ni manne na yote yanafanya kazi, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu wajukuu wangu. Jirani yetu yule nesi wa wodi ya wazazi amejifungua mapacha, na sasa anapiga kelele kuliko wagonjwa wake wote. Mjomba wako amepandishwa cheo, ni mwalimu mkuu kamili, si msaidizi tena. Anatembea kama aliyemeza rula. Mkewe anakusalimu.

Haya, habari yenyewe. Hospitali imeniletea barua. Imepigwa chapa vizuri, ina mihuri miwili, na inasema kwa heshima kubwa kwamba nyumba hii ni ya wafanyakazi, mimi si mfanyakazi tena, na aliyekuwa mfanyakazi baada yangu, yaani babu yako, amekufa miaka mitatu sasa. Kwa hiyo nitoke kabla ya tarehe thelathini Septemba. Kuna daktari mpya anakuja na mkewe. Miaka thelathini na minane nimewafulia mashuka hawa watu. Nimefua damu ya mji mzima. Nimefua hata kaptula za mganga mkuu wa kwanza, ambazo sitaeleza zilikuwaje. Babu yako amewatengenezea vitanda, meza na majeneza, na hakuna maiti hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Mjomba wako anasema nihamie kwake. Ametoa chumba cha uani. Amekuja na daftari, amepiga mistari, amegawa vyombo vyangu safu tatu: vya kwenda, vya kugawa, vya kutupa. Nimejitafuta nikaona niko safu ya kwanza, nikashukuru. Famasi wamenipa maboksi ya dawa yaliyoandikwa USITIKISE, nami nimeanza kufunga sufuria. Nimefunga zote, halafu nikataka chai, nikazifungua.

Shida ni kabati. Unalijua. Linashika ukuta mzima. Babu yako alilijengea humo humo chumbani mwaka tuliohamia, na tangu siku hiyo halijasogea hata kwa upana wa kidole. Mlango wa chumba ni mwembamba. Kabati si jembamba. Mjomba wako ameliandika safu ya tatu.

Njoo unisaidie kufunga. Wewe ndiye niliyekulea kwenye nyumba hii tangu mama yako alipotangulia, unajua kila kitu kilipo.

Mwandiko umepinda kwa sababu naandikia juu ya boksi. Usiulize.

Bibi yako, bado mzuri


24 Juni 1986

Bi harusi wangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa miezi ile niliyoisahau. Mimi sijambo. Baridi ya huku imeamua kukaa na sisi ofisini bila kukaribishwa. Katika idara yetu ya ramani tumepata msiba mdogo: mwenzangu alimwaga wino juu ya wilaya nzima, na badala ya kukiri akalichora lile doa ukingoni, akaliandika "ziwa". Sasa kuna ziwa ambalo Mungu hakuliumba, na ramani imeshapelekwa kwa wakubwa. Tunasubiri mtu aende kuvua samaki.

Hongera kwa Mjomba. Nampa salamu, kama atazipokea.

Bibi, nimehuzunika kuhusu nyumba. Ningekuja leo, lakini bosi wetu ni mtu mgumu sana. Likizo zimefungwa mpaka ramani za mwaka ziishe. Nimemwomba, nikamwomba tena, amekataa. Sina la kufanya.

Lakini nimekusaidia kwa njia yangu. Chumba cha uani kwa Mjomba nakikumbuka, ni mita nne kwa tatu na robo. Nimekichora kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha hii. Na hivyo vipande vidogo ni vyombo vyako: kitanda, meza, viti viwili, cherehani. Vipange juu ya mchoro uone kinachoingia na kisichoingia, kabla watu hawajavunjika migongo.

Kabati sikulikatia kipande. Nikupe ushauri wangu, mwachie daktari. Au likatwe. Ni mbao tu.

Kama hutaki, nipimie urefu, upana na kina, nitazame tena.

Mjukuu wako, Penseli


9 Julai 1986

Wewe Penseli,

Marahaba. Mapacha wanaendelea vizuri, mmoja amefanana na mama, mwingine amefanana na mganga mkuu, lakini mimi sijasema kitu.

Karatasi zako zilifika. Nilizipanga juu ya meza pale barazani, nikaingia ndani kuchukua miwani, niliporudi mbuzi wa mlinzi alikuwa amekula kitanda na nusu ya meza. Kwa hiyo kwa hesabu zako nitalala juu ya cherehani.

"Ni mbao tu." Nimeyasoma maneno hayo mara tatu, kila mara yananichoma mahali tofauti. Na wewe je, u nyama tu?

Nikueleze yaliyotokea Jumamosi. Mjomba wako alikuja na wabeba machela wawili wa hospitali, watu wenye mabega. Wakasukuma. Wakavuta. Mmoja akasema, "Mama, hili limeota mizizi." Wakafikisha kona moja mlangoni, ikakwama hapo, wote wawili wakiwa upande wa ndani. Wakatoka dirishani, mmoja baada ya mwingine, na koti la mmoja likachanika. Mjomba wako alisimama uani na daftari lake akisema, "Pandeni, sukumeni, pandeni," kama anafundisha mazoezi ya viungo. Ilibidi waingie tena kwa lile dirisha ili walirudishe ukutani.

Jumatatu akaja na fundi mwenye msumeno.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilichukua mto, redio na chupa ya chai, nikaingia ndani ya kabati, nikafunga milango.

"Mama, toka," akasema Mjomba wako.

"Toka wewe. Mimi niko kwangu."

"Mama, mimi ni mwalimu mkuu. Watu wanatuona."

"Waambie waje karibu waone vizuri."

Nikafungulia redio. Walikuwa wanasoma vifo. Nikamsikia fundi akiweka msumeno chini. "Mwalimu," akasema, "mimi nilifundishwa kukata mbao, sikufundishwa kukata wazazi." Akaondoka zake. Huyo ni mtu aliyelelewa.

Vipimo ulivyoomba: urefu ni mimi, na pasi mbili zimesimama juu ya kichwa changu. Upana ni mashuka mawili ya wodi yaliyokunjwa nusu. Kina ni mkono wangu kuanzia begani. Wewe mtaalamu, fanya hesabu.

Nikimtajia jina lako Mjomba wako anatazama saa. Tangu msiba wa babu yako, unajua. Mimi sikuulizi kitu. Uliniandikia kwamba telegramu ilichelewa kukufikia. Basi ilichelewa.

Huyo bosi wako ana mama?

Bibi yako


2 Agosti 1986

Bibi wangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, tulikuwa nje na wapima ardhi wiki tatu, kazi ya kushika bendera juani na kukimbizwa na nyuki. Niliisoma barua yako nimekaa juu ya kopo la rangi, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakanipima homa. Ningelipa nauli niwaone wale wabeba machela wakitoka dirishani.

Ziwa letu limepata jina. Mkubwa mmoja ameliita jina la mkewe.

Sasa sikiliza, nimekumbuka jambo. Kabati lile halina msumari hata mmoja, wala gundi. Babu alinionyesha nikiwa na miaka kumi na minne, alinimulikia kwa tochi. Limeshikwa na vigingi vya mbao tupu, na vigingi vyote vinabanwa na kabari mbili. Moja iko juu kushoto, nyuma ya ubao wa paji, ule wa mbele juu ya milango, huioni ukisimama chini. Ya pili iko chini kulia, nyuma ya mguu. Ukizitoa hizo mbili kwa mpangilio, kabati zima linafunguka ubao kwa ubao, kama shati linavyofunguliwa vifungo.

Mwambie Mjomba aanze na milango, aing'oe kwa kuinyanyua, siyo kuivuta. Halafu ile kabari ya juu, agonge kutokea ndani kwenda nje, taratibu, kwa nyundo ya mbao. Akianza na ya chini, la juu litamwangukia. Asianze na ya chini. Nimeyaandika yote kwa namba kwenye ukurasa wa pili, kwa sababu anapenda namba.

Likizo bado. Bosi ni yule yule.

Mbona mwandiko wako bado umepinda? Boksi hilo halijapata nafasi ya kutulia tu?

Penseli


20 Agosti 1986

Penseli,

Marahaba. Mapacha wameanza kucheka. Mjomba wako ameacha.

Alikuja na ukurasa wako. Hakuushika kwa kiganja, aliushika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika mtihani wa mwanafunzi aliyeibia. Lakini aliusoma. Aliusoma kwa sauti, amesimama mbele ya kabati, "Kwanza. Inua mlango." Akainua. "Pili." Hapo akageuza ukurasa ili aone ya pili, na mkono uliokuwa unageuza ukurasa ndio uliokuwa umeshika mlango. Kidole gumba cha mguu. Alitamka neno ambalo sikujua wanafundisha shuleni. Nesi alikuja mbio na mtoto mmoja kila kwapa. Kidole kimefungwa bandeji, kimekuwa kikubwa kama yai, na sasa anakagua paredi ya wanafunzi amevaa kiatu kimoja na ndala moja.

Amesema hagusi tena. Fundi mwingine mwenye msumeno anakuja mwisho wa mwezi ujao, na safari hii anakuja na polisi wa hospitali wanitoe ndani.

Sasa tuongee mimi na wewe.

Nilimwandikia bosi wako. Anwani iko mgongoni mwa bahasha zako, sikuhitaji uchawi. Nilimwambia mimi ni mjane, mzee, nina meno manne na kabati moja, na nikamuuliza kistaarabu kama aliwahi kuzaliwa na mwanamke. Amenijibu. Barua nzuri, ya mtu mpole. Anasema mjukuu wangu ni mchoraji hodari na ana siku tisini na sita za likizo ambazo hajawahi kuzigusa, wala hajawahi kuziomba, na wenzake wanadhani hana kwao.

Siku tisini na sita!

Mimi nimekaa hapa nakuombea bosi wako aumwe tumbo, kumbe mtu wa watu hana kosa. Mimi mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye plasta wiki nane, tangu nilipoanguka kwenye stuli mwisho wa Mei nikigonga ile kabari ya juu kushoto, vidole mpaka leo vigumu kama vijiti, nakuandikia kwa mkono wa kushoto kama kuku anayechakura, nikakuficha nisikutie wasiwasi kazini. Kazi gani? Ya kuchora maziwa?

Sikuulizi kuhusu msiba. Nakuuliza kuhusu sasa.

Bibi yako


1 Septemba 1986

Bibi,

Shikamoo. Leo sina habari za ofisini.

Nianze na wewe, kwa sababu ni rahisi zaidi. Barua yangu ya kabari niliiandika tarehe mbili Agosti. Wewe ulianguka mwisho wa Mei ukiigonga kabari hiyo hiyo. Kwa hiyo ulijua ilipo. Ulijua tangu mwanzo kabati linafunguka. Ukawaacha wabeba machela watoke dirishani, ukamwacha Mjomba avunjike kidole, ukajifungia ndani na redio. Na mkono ulivunjika ukaniambia ni boksi. Bibi, nimekaa na barua yako nikikasirika siku nzima, na kila nikikasirika nakumbuka siku tisini na sita.

Haya, zamu yangu.

Telegramu ya msiba haikuchelewa. Niliipata saa nne asubuhi, na saa saba nilikuwa kwenye treni. Nilifika, Bibi. Nilifika mpaka stesheni ya kwetu, asubuhi ya mazishi. Treni ilisimama dakika kumi. Nilimwona Mjomba jukwaani, amevaa suti nyeusi, anatazama mabehewa. Na mimi nikabaki nimekaa. Nilikuwa na begi mapajani. Nilijiambia, akipita yule mwenye mzigo nasimama. Akapita. Akipita yule mama, nasimama. Treni ikaondoka na mimi ndani. Nilishuka stesheni inayofuata, nikakaa kwenye benchi mpaka ya kurudi ikaja.

Sababu ni hii. Siku niliyoondoka nyumbani, Babu aliniambia nibaki, karakana ya hospitali atanirithisha. Nikamwambia siwezi kushika patasi maisha yangu yote. Akasema kazi ya karatasi si kazi. Nami nikamjibu, wewe ukiwa chumbani hukusikia: "Afadhali karatasi kuliko kuwa seremala asiyejua kupima, anayejenga kabati lisilopita mlangoni." Nilijua lina kabari. Alishanionyesha. Nilisema tu ili imuume.

Alichukua randa akaendelea na kazi. Miaka minne baadaye akafa, na katika miaka hiyo sikuwahi kumwandikia yeye, niliandika kwako, nikaweka "msalimie Babu" mwishoni.

Ningesimamaje mbele ya jeneza lake, na pengine alilipima mwenyewe?

Sasa unajua. Kama hutaki nije, nitaelewa.

Mjukuu wako


11 Septemba 1986

Mume wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hizo mbili za ziada ni za babu yako.

Ndiyo, nilijua. Nani unadhani alimshikia tochi siku analijenga? Malaika? Barua ya hospitali ilipofika nilisema nitalifungua mwenyewe kimya kimya, kabla mwanangu hajaleta msumeno. Nikapanda stuli. Unajua yaliyofuata. Nilikaa pale sakafuni kitambo kizuri nikisubiri mtu apite nje, sina la kufanya ila kutazama dari, nikawaza hivi: huyu mtoto hakuja kwa ajili ya maiti, labda atakuja kwa ajili ya kabati. Basi nikafunga mdomo. Kidole cha Mjomba wako sikukipanga, hicho ni Mungu alituongezea.

Sasa kuhusu maneno yako. Niliyasikia. Ukuta wa nyumba hizi ni wa kadibodi, tulikuwa tunasikia jirani akikuna mgongo. Na babu yako je, unajua alifanya nini? Siku hiyo hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu alikwenda kazini, akawasimulia mafundi wenzake, "Mjukuu wangu kaniambia mimi ni seremala nisiyejua kupima." Wakacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Kuanzia hapo ikawa ndiyo hadithi yake. Aliwasimulia madaktari. Aliwasimulia wagonjwa waliokuwa hawawezi kumkimbia. Mgeni akija, anampeleka chumbani: "Tazama, kabati langu halipiti mlangoni, muulize Penseli wangu, yuko kwenye ramani za serikali." Alikuwa anajisifu, mjinga wewe.

Na hukuwahi kuuliza kwa nini lilijengwa chumbani. Mbao zile ni za hospitali. Zilikuwa zimebaki kwenye majeneza. Alizitoa karakana moja moja chini ya koti, miezi mitano, akitembea wima kama mgonjwa wa mgongo, na mganga mkuu akampa dawa ya kuchua. Angelijengea wapi, getini? Liliingia ubao kwa ubao, na litatoka hivyo hivyo.

Hakuhitaji barua zako. Mimi nilizihitaji, na nilimsomea zote, hata pale pa "msalimie Babu". Nilikuwa naongeza mistari miwili mitatu ya kwangu hapo. Ulikuwa unamwandikia vizuri sana.

Njoo. Msumeno unakuja tarehe ishirini na saba. Na ukikaa kwenye behewa safari hii, nitaliingia mwenyewe na fimbo.

Bibi yako


TELEGRAMU
19 Septemba 1986

NIMEPEWA SIKU THELATHINI STOP NAFIKA JUMATANO STOP NITASHUKA STOP PENSELI


6 Oktoba 1986

Mume wangu,

Marahaba. Najua umefika salama kwa sababu habari mbaya zina miguu mirefu kuliko posta. Uliomba siku thelathini ukakaa kumi, ukasema una ramani. Sawa. Umeacha soksi moja.

Nyumba ya hospitali nimeikabidhi. Daktari mpya ni kijana, ana sauti ya msichana, alinishika mkono akaniuliza vidole vinauma wapi. Nikampenda. Mkewe aliingia chumbani, akatazama ule ukuta uliokuwa na kabati, rangi ya pale bado mpya kabisa, akasema, "Chumba kikubwa sana." Nikamwambia ndiyo, ukikitazama vibaya.

Huku kwa Mjomba wako nimetulia. Mkwe wangu alinionea haya siku mbili, siku ya tatu akaja kunisuka nywele na kunisengenyea walimu wote wa shule, nikajua nimefika nyumbani. Kabati linajaza ukuta na theluthi ya dirisha. Juzi Mjomba wako alisimama akalitazama. "Mama," akasema, "likitaka kutoka humu, litatokaje?" Nikamwambia, "Unataka litoke?" Akacheka mpaka akakaa kitandani.

Lakini kuna jambo linanikera, na wewe umeondoka kabla sijakubana. Siku ile ya kuhama, niliwatuma wewe na Mjomba wako mtangulie na mbao, mimi nikabaki kukabidhi funguo. Toka hospitali mpaka huku kwa lori ni nusu saa, hata kama dereva ana usingizi. Nyinyi mlitumia saa tatu. Nilifika kabla yenu! Mlipoteremka, wewe ulikuwa na uso mweupe kama umepakwa unga, na Mjomba wako macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza. Akasema vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile.

Na tangu siku hiyo anataja jina lako mezani. Jana amesema, "Penseli angekuwepo angepima hili pazia," kama vile mmekuwa mkipima mapazia pamoja miaka yote.

Mlikuwa wapi?

Bibi yako


25 Oktoba 1986

Bi harusi wangu,

Shikamoo. Mzima, soksi ya pili ninayo, usiwe na wasiwasi. Ziwa limegunduliwa. Mtu alikwenda na ndoana akakuta shamba la mahindi ya mtu. Mwenzangu amehamishiwa masijala.

Mjomba alinikataza nisikwambie. Kwa hiyo nakwambia, nawe hujui.

Unakumbuka tulivyokuwa kwa siku zile za kufungua kabati. Nilimwamkia asubuhi, akaitika, basi. Tulifanya kazi bega kwa bega, nikisema "shika" anashika, nikisema "achia" anaachia, zaidi ya hapo hakuna. Siku ya kuhama yeye alikaa mbele na dereva, mimi nikapanda nyuma na mbao. Hakuniambia nikae nyuma. Alipanda tu, akafunga mlango wa lori.

Tulipofika njia panda nikaona tunakata kushoto. Nikagonga paa, dereva hakusimama. Tukasimama makaburini.

Mjomba akateremka, akachechemea mpaka kwa Babu, na mimi nikamfuata kwa sababu sikujua la kufanya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza pale, Bibi. Nilisoma jina lake kwenye ule ubao wa kaburi mara nyingi, kama kuna kosa la kusahihisha.

"Nilikuona," Mjomba akasema.

"Lini?"

"Siku ile. Behewa la tatu, dirishani. Ulivaa shati jeupe, umekumbatia begi kama mtu anayeibiwa. Nilikupungia mkono."

Nikamwambia nilidhani anamwita mpagazi.

"Nilikuwa nakuita wewe. Halafu treni ikaanza kwenda, nikatembea nayo kidogo. Ukatazama chini."

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia watu.

"Niwaambie nini? Kwamba mtoto kafika akaogopa?" Alikuwa anaongea akitazama kiatu chake. "Nilirudi nyumbani nikamwambia mama hukuwemo kwenye treni. Nimemdanganya mama yangu siku ya kumzika baba yangu. Ulipoandika kwamba telegramu ilichelewa, nikasema ndiyo, posta ni wabovu. Miaka mitatu nakubeba mgongoni, na wewe huniandikii hata salamu inayonifikia moja kwa moja. Hiyo ndiyo hasira yangu. Yote ni hiyo. Sikukasirika kwa sababu hukushuka. Mimi mwenyewe nilikwenda stesheni kwa sababu sikuweza kukaa pale nyumbani na lile jeneza. Mtu yeyote angeweza kutumwa."

Bibi, hapo nililia. Nililia kama pacha wa nesi. Mjomba akatoa leso mfukoni akanifuta, na unajua leso za walimu zina nini ndani, chaki tupu. Ule si unga. Akaniona nilivyogeuka mweupe, akataka kucheka, badala ya kucheka naye akaanza. Nilimwacha. Sikujua mjomba wangu analia kwa sauti nyembamba hivyo.

Baadaye tulikaa chini, tukazungumza. Mengine ni ya kwetu, sitakuandikia hata ukimwandikia bosi. Aliniuliza Babu alinifundisha nini kuhusu vigingi, nikamweleza, akasema yeye hakuwahi kufundishwa, kila alipoingia karakana alifukuzwa akasome. Alisema hivyo taratibu sana. Muda ulipita, hatukuutazama. Na Mjomba ana saa.

Dereva alipiga honi mara ya nne au ya tano. Mjomba akasimama, akajipangusa suruali. "Haya, twende," akasema. "Yule mama atadhani tumeziuza mbao zake."

Mimi nikaelekea nyuma ya lori. Nilikuwa nimeshakanyaga gurudumu nipande, nikasikia mlango wa mbele ukifunguliwa upande wake. Alikuwa amesogea katikati, amebanwa na gia, magoti juu, mwalimu mkuu mzima, na kiti cha dirishani ameniachia mimi.

Mjukuu wako, Penseli